Mgeni wa Ghorofa ya Sita

Mwaka wa nne wa uhandisi, chuo kilituchanganya. Badala ya kila idara kujifungia na vitabu vyake, tuliwekwa wanne wanne: mimi wa mitambo, mmoja wa umeme, mmoja wa ujenzi, na mmoja wa sosholojia ambaye hakujua nati wala bolti ila alijua kuuliza maswali. Tukaambiwa tutafute shida ya watu halisi tuitatue pamoja. Wahadhiri walilipenda sana hilo neno, pamoja. Mimi sijawahi kuwa mpweke kama muhula ule.

Tulichagua maji. Katika majumba ya kupanga ya Kware maji huishia kwenye bomba la chini, na anayeishi juu hubeba mtungi wa lita ishirini ngazi hadi ngazi. Mwenzetu wa ujenzi alikuwa amepata jengo la kufanyia kazi, akatuonyesha picha kwenye simu. Nililitambua lango la kijani kabla hajamaliza kueleza. Nilikuwa nikiishi mle, ghorofa ya sita, kwa mwaka wa tatu.

Ningesema tu. Lakini nilikuwa nimewaambia naishi Fedha, mtaa wa wenye nafasi. Uongo huo ulinitoka siku ya kwanza, mmoja wao alipotania kwamba watu wa Kware hunuka mafuta taa hata wakioga. Nilicheka nao. Kicheko hicho bado kinanikera kuliko uongo wenyewe.

Tulienda kupima siku ya Jumatano. Msimamizi wa jengo alikuwa mpya, hakunijua. Aliyenijua ni jirani yangu, mama wa kutoka Kakamega anayefanya zamu ya usiku kiwandani. Wakati wa mitihani alinipandishia maji bila kuombwa, na mboga yake ya mrenda ilinifikia ingali moto. Aliniita injinia wetu, na ngazi nzima ilijua.

Alitoka mlangoni na leso kiunoni, uso umemchangamka. "Inji..."

"Habari yako, mama," nilimkatiza. "Sisi ni wanafunzi. Tumekuja kufanya utafiti."

Aliniangalia. Akawaangalia wenzangu, akaviangalia na viatu vyao. "Karibuni, wageni," akasema, akatutolea stuli.

Mpango wetu ulikuwa kufunga mota na kapi juu ya paa, ili mtungi upandishwe kwa kamba katika ule uwazi wa katikati unaoshuka kutoka paa hadi chini, madirisha ya kila ghorofa yakiuelekea.

"Manze, hii nafasi ni kama ilikuwa inatungoja," alisema wa ujenzi, akivuta futi yake. Uwazi ulikuwa mtupu kabisa.

Nilijua kwa nini. Jumamosi ndiyo siku ya nguo. Wa ghorofa za juu huanika humo alfajiri, wa kati saa nne, wa chini mchana, ili matone ya mtu yasilowanishe nguo kavu za mwenzake. Jioni kila mtu hufungua kamba yake na kuiweka ndani isiibwe. Utaratibu huo hakuna aliyeuandika; unaujua kwa kugombezwa. Mwenzetu wa sosholojia aliuliza maswali mengi, la nguo hakuuliza. Ningelitaja, wangetaka kujua nimejuaje. Nikaendelea kuandika vipimo.

Tulipomaliza kufunga mtambo, wahadhiri watatu walikuja kuona kazi, na bila shaka walikuja Jumamosi. Uwazi ulikuwa umejaa mashuka toka juu hadi chini. Msimamizi akapita kila ghorofa akipiga kelele nguo zitolewe, wageni wa chuo wamefika. Jirani yangu alisimama mlangoni amekumbatia nguo zake mbichi, gauni lake jeupe la kanisani likimchuruzikia miguuni. Mtungi ukapanda vizuri. Watu wa chuo wakapiga makofi.

Mhadhiri mmoja akamgeukia jirani yangu. "Mama, hawa vijana mmewazoea?"

Sikuweza kumtazama. Niliangalia kapi.

"Hapana," alisema kwa upole. "Hawa ni wageni."

Tulipata alama za juu. Msimamizi alituahidi kuutumia ule mtambo, lakini kufikia wiki iliyofuata watu walikuwa wameanika soksi kwenye kamba yake, na walikuwa na haki.

Jioni ya Jumapili nilikuwa napandisha mtungi wangu kwa mkono, kama siku zote. Ghorofa ya nne nikautua nipumue. Jirani yangu alikuwa anashuka kwenda zamu, amevaa koti. Zamani angeshika mkono wa mtungi upande wa pili tupande pamoja, kisha akimbilie kazini amechelewa huku akinilaumu.

"Mama, pole kwa zile nguo," nilisema. "Na kwa yale mengine."

"Hakuna shida."

Akajibana ukutani kunipisha, vile tunavyompisha mtu asiye wa jengo.

"Pita tu, mgeni."

Nilisubiri acheke. Akashuka.