Nilikifukuza Kifafa, Wakwe Wakadhani Nawafukuza Wao

Jamani, chekeni tu, maana mimi ndiye yule mchumba aliyewatimua wakwe zake akiwa chooni.

Nina kifafa tangu sekondari. Dawa nameza kila siku, na juu ya dawa nesi wa kliniki alinifundisha kuusikiliza mwili: kwangu kifafa huanza na harufu ya mpira unaoungua (wengine hawaisikii), nikiinusa tu nikae chini, nikunje ngumi, nivute pumzi polepole, nitaje kwa sauti mimi ni nani na niko wapi, huenda kikakatika. Nilijaribu mara nyingi, na mara nyingi nikaanguka.

Sasa siku ile ndugu zake mchumba wangu Deo wameshuka kutoka milimani kuja kujitambulisha kwetu Kilakala, shikamoo zimeisha, soda zimefunguliwa, habari za ugonjwa wangu hawana, mara harufu hiyo! Badala ya kukaa chini palepale, nikasingizia naenda kuangalia maji, nikajifungia chooni (ujinga mtupu, ningeanguka nani angenifikia?), nikakaa sakafuni. "Mimi ni Anjela. Niko nyumbani. Hii ni ndoo." Mkono ukaanza kucheza wenyewe, hasira zikanipanda, nikapiga kelele: "Toka! Leo hunipati! Rudi ulikotoka!"

Mkono ukatulia. Harufu ikapotea. Sikuamini, kitu kilichoniangusha miaka yote kimenisikia na kuondoka!

Natoka natabasamu, nakuta wageni wote wamesimama, mama yangu anaapa hakunilea hivyo, Deo macho mekundu. (Dirisha la choo na la sebule yamepakana.)

"Binti, tumekusikia," mshenga akasema. "Tunarudi tulikotoka."

Ikabidi niseme yote mbele ya watu, natamani ardhi ipasuke. Mama yake Deo akanisogelea, akaushika mkono wangu, ngumi bado imekunjwa, akaifungua kidole kimoja kimoja.

"Umekizuia mwenyewe?"

"Leo ndiyo, mama. Siku nyingine kinanishinda."

Machozi yakamlengalenga. "Mdogo wangu anacho. Tumemficha ndani tangu usichana wake. Utapanda kwetu ukakae naye, umwoneshe?"

Hakuna aliyecheka. Nilipanda, na nikamshawishi aje kliniki. Na mimi mwenyewe nimekoma kujificha: harufu ikija nakaa chini hapohapo, hata katikati ya soko, anayetaka kushangaa ashangae.