Mabati ya Bweni Letu

Uhuru ulikuwa mchanga bado pale mabati ya bweni letu la Msambweni yalipopotea kabla ya kuezekwa. Tuliyaona juu ya nyumba mpya ya diwani, yana alama nyekundu tulizozipaka wenyewe ili yasiibwe! Wanafunzi arobaini tukaandamana hadi kwake, tumeapa kwamba mwizi haamkiwi.

Alipotokea mlangoni, ulimi ukatuponza. "Shikamoo, baba!" tukamwamkia sote kama darasani.

"Marahaba, wanangu. Wazee hawajambo?"

Hatujamaliza kujuliana hali, mvua ikashuka. Akatuingiza barazani tusirowe, mkewe akatuletea mahamri. Kiranja wetu akasimama kuhutubia. Hotuba niliiandika mimi, na nilikuwa kando yake, lakini sikusikia hata neno moja, kwa jinsi mvua ilivyoyapiga yale mabati. Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Diwani akamsogelea kwa upole, akatega sikio, kisha akatugeukia sote akapaaza sauti kuliko mvua:

"Semeni kwa nguvu, wanangu! Sisikii!"