Jiwe Nililoandika Halipo

Jamani, mwongo ni mimi. Hapa shuleni hakuna mwanafunzi anayejua; nimeliambia daftari langu tu, na daftari halijibu.

Niko kidato cha tatu hapa Dodoma. Shuleni naongea na mtu mmoja, Neema, wa dawati langu. Wengine wakinitazama tu, nainamisha kichwa.

Muhula uliopita mwalimu wa jiografia alitupeleka intaneti kafe mjini. Akafungua orodha ya mawe ya wapima ardhi, yale ya zege yenye kichwa cha shaba na namba, ambayo vipimo vya viwanja huanzia hapo. Ukilitembelea jiwe, unaandika humo kama lipo au halipo. Kila mmoja akapewa lake kwenye kikaratasi. Langu lilikuwa Miyuji.

Nilifuata maelezo hadi kwenye ua wa minyaa. Ndani wanawake wanatwanga, wanacheka. Kilichobaki ni kupiga hodi tu! Nikaipiga moyoni, nikageuka.

Jumatatu nikaandika kwenye kompyuta: "Halipo. Limeng'olewa." Nani alinituma kuongeza hilo la kung'olewa? Mwalimu akanisifu mbele ya wote, bila kutaja jiwe lipi, eti niko makini!

Baadaye Neema akaja macho yamevimba.

"Wapimaji wamekuja kwetu Miyuji, kwa bibi. Jirani anadai jiko letu liko kwake. Bibi kawaonyesha jiwe, tunaanikia mboga ya mlenda juu yake kila siku! Mpimaji anasema, 'Shikamoo bibi, lakini mtandao unasema jiwe la hapa liling'olewa. Hili mmelichimbia wenyewe.' Wakapima kuanzia jiwe la mbali huko, mpaka ukasogea kwetu. Jiko limekwenda, na nusu ya ua."

Akanigeukia. "Nikimpata aliyeandika! We unamjua?"

"Simjui."

Mungu wangu! Nilisema simjui!

Miaka mitatu dawati moja, sikuwahi hata kumuuliza nyumba yao ni ipi. Ningepiga hodi siku ile, huenda angenifungulia yeye.

Jiko likabomolewa. Bibi akahamia kwa mwanawe Kondoa, Neema akaenda naye. Ndipo nikamwambia mwalimu. Hakunipiga. Tukaenda mjini, akafuta, akaandika: "Lipo." Dakika mbili hazikuisha! Ningesema mapema, wangepima upya.

Nimemwandikia Neema barua mbili. Kimya. Dawatini nakaa peke yangu, na bado upande wake siuwekei vitabu.

Wenzangu wenye haya kama mimi, sikilizeni. Kama hukuingia, andika hukuingia. Kuchekwa na watu wa ndani kunapita siku hiyohiyo.

Jumamosi nilirudi Miyuji. Nikapiga hodi kwa sauti, mara tatu, hakuna aliyeitikia. Nikaingia. Jiwe lipo, namba inasomeka, na mlenda mkavu bado umegandia kwenye shaba.