Mwalimu wa Biolojia na Swali Nililolikwepa

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na binti wa mtu niliyefundisha naye zamani. "Mwalimu, baba ametuacha. Amepumzika jana hapa hospitalini Embu." Nikampa pole, nikauliza mazishi ni lini, naye akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. "Tumekubaliana wewe ndio utaongea kwa niaba ya walimu wenzake. Alikuwa anakutaja sana." Niliitikia, kwa kuwa ombi la mfiwa halikataliki. Lakini tangu simu ile ilipokatika, nilikuwa najiuliza. Alikuwa ananitaja kwa lipi? Aliwaeleza wanawe nilichomfanyia?

Tulifundisha shule moja upande wa Kibirichia, mimi Kiswahili, yeye biolojia. Kwao kulikuwa Mbeere, kwenye joto, karibu na bwawa la Kiambere, na baridi yetu ya milimani ilimtesa. Alivaa sweta mbili na kushika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili. Aliimba besi katika kwaya ya kanisa na hakuanza kipindi bila sala. Siku moja nikisahihisha insha nililalamika kwa sauti kuwa wanafunzi wawili wameandika "gahfla" badala ya "ghafla", tena wote wameruka neno "nyumbani" katika sentensi ileile. Akavuta kiti. "Wangefanana kwa yaliyo sahihi ungeshangaa?" Nikasema hapana, wote nimewafundisha mimi. "Na makosa yakifanana, mahali palepale?" Nikamjibu kwamba basi wamenakili mahali pamoja. Akacheka kwa furaha kama mtu aliyepewa zawadi, akaniomba yale madaftari.

Kesho yake nilimsikia kupitia dirisha akifundisha Kidato cha Nne, akianza na zile insha mbili. Aliwaambia kwamba wanyama wengi, ng'ombe na mbuzi kwa mfano, hujitengenezea vitamini C mwilini. Sisi hatuwezi, na sokwe hawawezi. Jeni ya kazi hiyo, yaani maelekezo tunayorithi mwilini, bado tunayo, lakini imeharibika, na ya sokwe imeharibika vilevile, sehemu nyingi zikiwa zimepotea mahali palepale. Akaeleza kuwa sokwe ana kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni, arobaini na nane na sisi arobaini na sita, na kwamba moja yetu inaonyesha alama za mbili zilizoungana, mwisho kwa mwisho. "Sisemi tulizaliwa na sokwe," alisisitiza. "Nasema sisi na wao tuna babu mmoja wa zamani sana, na tumebeba makosa aliyotuachia."

Wiki ileile baba wa msichana mmoja, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa, alifika na daftari la bintiye. Mwalimu mkuu akatuita ofisini mimi na mwenzangu, na mwenyekiti wa bodi alikuwepo. "Mimi sikuja kugombana," mzazi yule alisema. "Lakini mtoto ananiambia sisi na nyani ni ndugu. Sasa mimi nikiulizwa kanisani nitasema aje?" Mwenzangu akaanza kueleza tofauti ya nyani na sokwe, lakini mwenyekiti akamkata. "Huko kwao nyani wanashiba mahindi ya watu. Labda ndiyo sababu anawaona ndugu." Ofisi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka. Kisha mwenyekiti akanigeukia: "Wewe mnakaa naye ofisi moja. Si huwa anawaambia watoto hakuna Mungu?" Nilijua jibu. Nilikuwa nimesikia sala zake kila siku. Lakini nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Nikasema, "Mimi huwa niko kwenye madaftari yangu, siwezi kujua." Mwenzangu alinitazama mara moja tu, akainamisha macho. Walimnyang'anya Kidato cha Nne, na muhula uliofuata akaomba uhamisho kwenda Embu. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Usijali." Sikuwahi kumpigia simu.

Nilifika Kiambere siku ya mazishi nikiwa na hotuba ya sifa tupu. Bintiye alinipokea langoni. "Baba alisema mfano wake bora wa darasani alipewa na rafiki yake wa Kiswahili," akaniambia. "Ule wa insha mbili." Kumbe hakuwaeleza lingine lolote. Ningeweza kushukuru na kunyamaza tena, lakini niliposimama mbele ya watu nilimwona yule mzazi wa daftari, sasa mzee wa mkongojo, ameketi karibu na bintiye aliyekuwa mwanafunzi wa marehemu. Nikaikunja karatasi yangu. Nikasema yote: alichofundisha, ushahidi aliouonyesha, sala zake, kicheko changu na uongo wangu. Mchungaji aliinamisha kichwa, nami sikujua kama ni sala au hasira.

Baadaye mzee yule alinifuata penye gari. "Mwalimu, siku ile mimi nilikuja kuuliza," alisema. "Watu wakacheka, na mimi nikaona heri nicheke. Kama ungeniambia, 'Mzee, kaa huyu akueleze,' ningekaa." Akaegemea mkongojo wake. "Na hayo makosa ya kufanana, yako kweli?" Nikamwambia yako. "Mimi bado naona ni ngumu kukubali. Lakini ningependa kumsikia mwenyewe."

Tangu siku hiyo sina raha. Binti wa jirani yangu ananiambia mwalimu wao, alipofika mada hiyo ya asili ya binadamu, aliwaambia wajisomee nyumbani, akafunga kitabu. Ninamwelewa mwalimu huyo kuliko anavyojua. Ana kazi, ana wazazi wa kuogopa, na pengine naye hana wa kumtetea. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba nilinyamaza ili imani za watu zisitikiswe. Si kweli. Mwenye imani alikuja kwa miguu yake, akaketi mbele yetu na kuuliza swali zuri, na aliyeweza kulijibu alikuwa chumba kilekile. Nilichokilinda ni kazi yangu. Msomaji wangu, anayejua jambo na akaulizwa, aseme siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka, kwa sababu mwenye swali anazeeka na mwenye jibu anakufa.