Kipimajoto cha Nne

Ukitaka kucheka, cheka sasa kabla sijaanza, maana nikifika katikati sitasimama kukusubiri. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kamembe, asubuhi, jua likiwaka. Sikuwa nimelewa, siku hiyo hata chai sikuwa nimekunywa. Na mimi si mtu wa kuona mashetani kwenye kila kivuli. Kazi yangu ni kompyuta na nyaya. Mteja akiniambia mashine yake imerogwa, nachomoa plagi, napuliza vumbi, narudisha plagi, na uchawi unaisha.

Maman Shantali ana chumba cha baridi karibu na ziwa, anahifadhi visamaki vidogo vya wachuuzi, sambaza. Kama mimi, alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akarudi huku ukubwani. Ndani ya chumba kuna vipimajoto vinne vya kidijitali, kila kimoja ni kichuma kidogo kama ncha ya kidole, mwishoni mwa waya. Nyaya zinapita ukutani mpaka kwenye kompyuta ya ofisini. Joto likizidi digrii kumi kwa dakika tano, kompyuta inampelekea Maman ujumbe kwenye simu. Vitatu vilisema digrii moja, kama inavyotakiwa. Cha nne, cha kona ya nyuma, kilisema thelathini na saba.

"Samaki yangu iko na homa?" Maman aliniuliza. "Siku tatu sijalala. Simu inalia, ninakimbia hapa, ninakuta baridi iko muzuri. Na banunuzi banaona ile rangi nyekundu ya kompyuta, banakatala."

Nikamwambia asijali. Mafundi wawili walikuwa wamenitangulia. Kila mmoja alibadilisha waya akaenda zake. Mimi nilijiona mjanja kuliko wao. Vitu hivi vikiugua vina dalili zake. Kikisema themanini na tano, kimewaka lakini hakijapima, mara nyingi kwa sababu umeme haukifikii vizuri. Kikisema mia moja ishirini na saba chini ya sifuri, waya umekatika. Lakini thelathini na saba? Na haikutulia pia: thelathini na sita nukta nane, thelathini na saba nukta moja, inapanda na kushuka kidogo kidogo. Nilibadilisha waya, nami pia. Mwisho nikachukua kipimajoto kizima kutoka juu ya mlango nikakifunga kwenye kona, na kile cha kona nikakileta mlangoni. Unajua nini kilitokea? Kilichotoka kwenye kona kikapona papo hapo, na kilichokwenda huko kikaanza homa. Nikavirudisha kila kimoja mahali pake, homa ikabaki kwenye kona. Na kwenye kona, niamini, hapakuwa na kitu ila masanduku ya plastiki.

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza maswali. Mimi nilichoka. Ijumaa jioni niliingia kwenye programu, nikaandika kwamba kipimajoto cha nne ni kibovu, nikazima ujumbe wake. Skrini ikawa kijani yote na Maman akaenda kulala.

Jumamosi nikarudi ili nikiondoe kabisa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo wote tunatoka na majembe kufanya kazi ya jamii. Maduka yanafungwa na barabara inakuwa tupu. Tena mwezi ulikuwa mpevu, na usiku ukiwa na mwanga taa za wavuvi hazivuti sambaza, kwa hiyo hawaendi ziwani. Hakuna aliyetarajiwa kufungua chumba kile kabla ya Jumatatu.

Sasa sikiliza sheria yao. Nje ya mlango kuna msumari na koti moja zito. Anayeingia analivaa. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu ndani, usifunge. Koti likiwepo, funga. Hakuna anayechungulia wala kuita, koti linatosha. Mimi koti lile lilininukia samaki, na nilikuwa naingia kwa dakika mbili tu. Nikaliacha palepale. Simu nikaiacha ofisini, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inaipa kompyuta intaneti. Nikaingia na shati langu, mlango nikauegesha.

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya masanduku niliposikia filimbi ya kuita watu umuganda. Kisha mlango ukajibana, kufuli likalia kwa nje, na taa zikazimika. Alikuwa Papa Silasi, mzee anayefanya kazi pale. Aliona koti, akafunga, akabeba jembe lake akaondoka.

Nilipiga mlango ule kwa ngumi, kwa viatu, kwa sanduku. Una unene wa godoro na chuma pande zote mbili. Nilipiga kelele mpaka koo likakwaruza. Nilianza kuhesabu saa mpaka Jumatatu nikaacha, kwa sababu hesabu ilinitisha kuliko giza. Mtu mwenye shati, kwenye digrii moja, siku mbili. Niliogopa kufa, nakwambia bila aibu.

"Wacha kupiga," sauti ikasema kutoka kwenye kona. "Miye nilipiga mpaka mikono ikachoka. Hakuna muntu anasikia."

Ilikuwa sauti ya mwanaume mtu mzima, ya upole, sauti ya mtu unayemkuta kwenye foleni. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye kona hiyo sasa hivi. Nikauliza, "Weye ni nani, Papa?"

"Nilitumika kazi hapa na patro wa zamani, mwenye alikuwa na hii chumba mbele ya Maman."

"Unafanya nini humo?"

"Ninashika hii kachuma yenu," akasema. "Niliona nikiishika, muntu anakuja. Ninyi bafundi batatu mulikuja. Bote mulibadirisha kamba, mukaenda."

Ulishawahi kuona aibu na hofu zikikushika pamoja? Mimi nilisahau baridi. Siku zote zile mtu alikuwa anatuita, nasi tulikuwa tunaangalia nyaya. Na jana yake, mimi, fundi mjanja, nilikuwa nimemzima. Nikamwambia ukweli: kwamba hata akishika mpaka mwisho wa dunia, hiyo kompyuta haitapeleka tena ujumbe wake kwa mtu yeyote.

Nilisikia pumzi yangu tu, ya kwake sikuisikia.

"Na ile ingine?" akauliza hatimaye. "Ile ya mulango. Ile unaweza shika weye mwenyewe."

Kweli, vile vingine vitatu sikuwa nimevizima. Nikapapasa giza nikapanda juu ya sanduku, nikang'oa kipimajoto cha juu ya mlango, nikakibana kwapani, vile mama anavyompima mtoto homa. Nikaanza kutetemeka hapo, nikiomba kwapa langu lisipoe kabla ya dakika tano.

"Nakuomba kintu kimoja," akasema. "Bakifungua, usiache mulango ifunge nyuma yako. Shika kidogo, na miye nipite."

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo mara mbili, na mara ya pili nikaapa.

Sijui ulipita muda gani. Vidole vyangu sikuvisikia tena na meno yalikuwa yanagongana. Kisha kufuli likalia na mwanga ukanipiga machoni. Alikuwa Maman Shantali na tope la umuganda mpaka magotini, simu mkononi, na Papa Silasi nyuma yake akihema. Nilianguka nje, juani, mikononi mwao.

"Funga, Papa, baridi inatoka," Maman akasema, kama wanavyosema kila siku, kila mara mlango ule unapofunguliwa. Na Papa Silasi akausukuma kwa mguu.

Nilimwona akiusukuma. Nilikuwa na sauti. Nilikuwa na mkono. Ningesema ngoja, neno moja tu. Lakini wangeniuliza nangoja nini, na mimi ni yule ninayecheka watu wa uchawi. Nikanyamaza, na mlango ukafungwa.

Nilipopata joto la kutosha mwilini nilikwenda kwenye kompyuta. Kipimajoto cha nne kilisema thelathini na saba. Nikasimama hapo nikikitazama. Kikaanza kushuka, thelathini, ishirini, kumi, mpaka moja, na hakijapanda tena hadi leo. Maman alinisifu kwa watu wote wa Kamembe kwamba nimekitengeneza.

Papa Silasi nilimuuliza faraghani. Aliniangalia kwanza. "Kulikuwa muntu mumoja, zamani," akasema. "Balimupata siku ya tatu. Njo maana tuliweka ile koti."

Nimerudi pale mara nyingi. Namdanganya Maman kwamba nakagua nyaya, nafungua mlango wote, nasimama kando na kuita polepole mpaka anifukuze kwa sababu ya baridi. Hakuna anayejibu. Nyumbani nalala mlango wa chumba ukiwa wazi, na mke wangu amechoka na mbu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, hasa kama kazi yako ni hii yetu, usiwe mwepesi wa kusema mashine inadanganya. Kabla hujaandika kwamba ni kibovu, nenda pale kinapopima, uulize kama kuna mtu. Na ukimwahidi mtu mlango, ushike. Mimi sikuushika. Hadi leo sijui yule Papa wa kwenye kona aliachia kile kichuma kwa sababu aliwahi kupita, au kwa sababu aliona hata mimi niliyeapa nimeondoka.