Faili Namba Kumi na Nne

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani, naogopa simu inayoita alfajiri. Lakini woga wa Jumamosi ile ulikuwa wa aina nyingine. Nilifungua kopo kuukuu la majani ya chai kabatini, nyumbani kwangu Bagara, nikakuta flashi niliyoificha humo haimo. Nikakaa sakafuni, mtu mzima na mwalimu wa watu.

Ndani ya flashi ile kulikuwa na sauti ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Baba mwenyewe ndiye aliyenituma. Yeye ni msemaji wa ukoo wetu. Kwenye posa na misiba husimama akataja mababu mmoja mmoja mpaka yule wa kwanza, na watu wote hunyamaza. Alitaka mambo hayo yahifadhiwe kabla wazee hawajaisha, akaniambia nianze na shangazi kwa kuwa ana kumbukumbu kuliko wote. Likizo nzima nilikuwa nakwenda kwake Nakwa, namrekodi kwa simu, anachanganya Kigorowa na Kiswahili, anacheka, anasahau, anarudi nyuma. Jioni nilihamishia kwenye flashi na kuzipanga faili kwa namba: mababu, mashamba, nani alimuoa nani. Kwenye simu nikafuta, maana wanangu hawaachi kuichezea. Nilijiona mtaalamu.

Siku ya faili ya kumi na nne shangazi hakucheka. Alisema kwamba mwaka wa njaa, yeye akiwa msichana wa kuchunga mbuzi, mama mmoja mpita njia, asiye wa kabila letu, alifika kwao akiwa na kitoto kichanga. Wakampa uji na mahali pa kulala. Asubuhi mama hayupo, mtoto yupo. Mtoto huyo ndiye baba yangu, na hakuna aliyewahi kumwambia. Shangazi akanishika mkono, akasema isifutwe, lakini isisikike mpaka baba awe amezikwa. Nikaapa. Miezi miwili baadaye kiharusi kikachukua sauti ya shangazi, na tangu hapo amelala, anatutazama tu.

Nilimkuta mume wangu uani anaosha pikipiki, nikamuuliza kuhusu flashi. Alinijibu kwa furaha kabisa. Baba alikuwa ameomba nyimbo za kwaya za kusikiliza kwenye redio yake, na hapa kwetu mzee akiomba nyimbo huendi kununua flashi mpya. Unachukua yoyote iliyomo ndani, unampelekea muuza nyimbo wa stendi, anaijaza. Aliiona wakati anatafuta majani ya chai. Alhamisi akaipeleka Bonga kwa mzee.

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, kama vya zamani vilifutwa.

"Hapana, mama watoto. Nilimwambia asifute kitu. Nilijua ni vitu vyako vya muhimu."

Nilitamani kumpiga na lile kopo.

Tangu Alhamisi. Nilimpigia baba mara nne, simu ikaita mpaka ikakata. Mume wangu akataka kunipeleka, nikaogopa maswali yake, nikakodi bodaboda. Njia nzima niliomba betri ya redio iwe imeisha, flashi iwe imeungua. Mimi niliyehangaika kukusanya historia ya watu, naomba iungue! Nilimwona baba kwenye misiba yote ijayo, amesimama mbele ya watu, anaanza kutaja majina, halafu anakwama.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi, redio iko juu ya stuli. Sauti ya shangazi, nzima, yenye kicheko, ilikuwa inaeleza mashamba ya babu. Kwenye kioo cha redio niliona namba tisa.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikasema nimekuja kuchukua flashi, kuna kazi ya shule imo humo. Uongo wangu ulikuwa mbaya, hata mtoto wa chekechea asingeukubali.

"Mwache dada yangu aongee," alisema. "Ni muda mrefu hajaongea."

Ningefanya nini? Nikavuta kigoda, nikachukua hindi. Faili ya kumi ikaja, ya kumi na moja. Nilijifariji kwamba huenda alianza na kwaya, kwamba huenda hii ndiyo mara yake ya kwanza kufika hapa. Punje zilikuwa zinaniponyoka na kutawanyika nje ya turubai. Ya kumi na mbili ilikuwa harusi ya mjomba mmoja aliyekimbiwa na ng'ombe wa mahari, na baba akacheka mahali palepale shangazi alipocheka. Nikawaza kumwaga maji juu ya redio. Nikawaza kujifanya nimezimia, na kusema kweli nilikuwa karibu. Ya kumi na tatu ilipokuwa inamalizikia, nilikuwa nimeacha kupukuchua.

Baba akajifuta vumbi la mahindi kwenye suruali, akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe. Namba kumi na nne ilionekana, akabonyeza tena upesi. Ikawa kumi na tano. Shangazi akaanza kueleza jinsi walivyokuwa wakichota maji.

Sikuthubutu kumtazama. Alichukua hindi jingine, akapukuchua mistari miwili mitatu.

"Ile nimeshaisikiliza mara mbili," alisema. "Kesho tukienda kumwona shangazi yako, usimwambie kwamba nimeisikia. Alijitahidi sana kunificha."

Nikaitikia ndiyo, baba. Akanisogezea sufuria, akaniambia niokote punje nilizotawanya kabla kuku hawajaja.