Sombe ya Winga

Kila nikikata selotepu ya maboksi kazini, hapa Jeffersontown, harufu ya gundi hunirudisha sebuleni kwetu Buffalo. Tulikuwa tumehamia hapo kutoka Columbus, mizigo bado imefungwa, na baba anamtazama kwenye televisheni winga wake kipenzi, Mhispania, mwembamba, mwenye chenga za kukalisha mabeki chini. Mtangazaji akasema anahamia timu yake ya tano.

Mama akaacha kutoa sufuria kwenye maboksi. "Bon, banamuhamisha tena huyu mutoto? Hana mama wa kumutetea?"

Jumapili akamwombea kanisani: kijana mmoja, anahamishwa kila mwaka, hata sanduku hajalifungua. Wamama walilia kweli. Kesho yake wawili wakagonga mlango na fufu na sombe ya moto, kisamvu cha kwetu Kongo.

"Kijana iko wapi?"

Mama, bila haya, akawaonyesha televisheni. Winga alikuwa anakimbia pembeni, jasho linamtoka.

"Anakonda, maskini," mmoja akasema, akakaa kumtazama.

Sombe yake tuliimaliza sisi.

Juzi nilisikia winga yule amestaafu, amerudi mji alikozaliwa. Nikampigia mama simu.

"Mungu asifiwe," akasema. "Mumoja wetu amefika."